Mukono Yako, Simu Yako

Metresi sikuwahi kumwona na mikono mitupu, isipokuwa mara moja, na hiyo nitaifikia. Siku zote mikononi alikuwa na sindano mbili za kufumia na uzi wa sufu: asubuhi akiota jua, mchana akingoja maharagwe yaive, hata kwenye mkutano wa shirika letu, pale familia za Kikatoliki za mtaa zinapokutana kusali na sisi wengine tumeshika rozari. Alikuwa anafuma sweta za watoto wachanga. Goma ina baridi, na mtu aliyetoka kwenye joto haamini mpaka mtoto aanze kukohoa. Kambi za Kanyaruchinya zilipofurika watu waliokimbia vita, alizipeleka huko ndani ya mfuko wa mchele, akarudi nyumbani na kuanza nyingine siku ileile.

Kumwita kwa jina hakuna aliyethubutu. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na nusu ya mtaa wetu wa Majengo iliandika herufi yake ya kwanza mbele ya macho yake, kwa hiyo alibaki Metresi, mwalimu wetu wa kike, hata kwa wanaume wenye mvi. Alipoacha shule alianza kufundisha watu wazima namna ya kutibu simu zao wenyewe. Hakuna aliyemtuma. Hakuwa fundi, hakuwa na kibanda, hakuwa na bisibisi hata moja. Alikuwa na benchi la mbao barazani, vijiti vya meno, mswaki mkavu, na sheria moja ambayo hakumvunjia mtu yeyote: simu yako haigusi.

"Mukono yako, simu yako," alikuwa akisema. Ukimnyooshea simu, aliinua sindano zake kidogo, akuonyeshe kwamba mikono yake ina kazi nyingine, kisha akazishusha na kuendelea kufuma.

Niseme mapema kwa nini sheria hiyo ilinihusu kuliko wengine. Mimi ni mtu wa kunyang'anya. Nikiona mtu anahangaika na fundo, mkono wangu umeshafika. Mama yangu anaishi Butembo, na nilimnunulia simu ya kugusa wakati barabara bado inapitika. Nilipokuwa nikienda kumwona, kila kitu kilichomshinda nilimpokonya, nikabonyeza mara tatu, nikamrudishia: "Haya, iko sawa." Hakuwahi kujifunza chochote, na kosa lilikuwa langu. Halafu vita vikakata barabara. Mimi huku, yeye kule, na ile simu ikawa njia pekee ya yeye kuwaona wajukuu wake. Siku ilipomshinda kabisa nilikaribia kumpoteza mama yangu akiwa hai na mwenye afya. Aliyenirudishia ni Metresi, na siku hiyo hakusema naye neno hata moja.

Kwanza mjue jinsi alivyofanya kazi. Ukifika na shida yako ulikuwa unaitwa mgonjwa. Mgonjwa ni wewe, simu haikuwa na neno. "Simu haina wazimu," alisema, "mwenye simu njo ana haraka," njo ikiwa ndiye ya kwetu. Ulikaa benchini na kujibu maswali matatu kabla ya kuruhusiwa kufungua chochote. Ilianza lini? Kabla haijaanza ulikuwa unafanya nini? Nani mwingine aliishika? Swali la tatu lilikuwa limevunja ndoa moja nusu nusu, lakini hakuliacha. Na ole wako useme simu ilianguka yenyewe. "Yenyewe? Iko na miguu?" Mtu mzima mwenye watoto sita alirudishwa nyumbani akafikirie vizuri, na kesho yake akaja kusema ukweli kwamba aliirusha.

Baada ya maswali, dawa ya kwanza ilikuwa usingizi. Izime, hesabu mpaka thelathini, iwashe. Watu walikasirika, walikuwa wametembea mbali na walitaka dawa kubwa zaidi. Metresi hakujali. "Mutoto akilia bila sababu unamulaza kwanza. Akiamuka na kulia tena, apo sasa unatafuta homa." Nusu ya wagonjwa walipona hapo hapo na kuondoka wakiwa na aibu kidogo.

Nakumbuka karani mmoja, mtu wa upande wa Bukavu, mtanashati ambaye hata soksi zake zilipigwa pasi. Alikuja na simu isiyoshika moto, yaani chaji, na chaja tatu mpya, zote akizilaani. Metresi hakuangalia chaja, aliitazama pikipiki ya abiria iliyomleta, moto kama tunavyoiita.

"Papa, ukipanda moto, simu unaitia wapi?"

"Mu mufuko ya suruali, Metresi."

"Na uko unapanda moto kila siku?"

"Kila siku. Kwenda kazi na kurudi."

Akamwambia aizime, achukue kijiti cha meno cha mti, kamwe si sindano, na achokonoe tundu la chaji polepole kama anayemtoa mtoto uchafu wa sikio. Karani alikunja uso, lakini alichokonoa. Kikatoka kidonge cha nyuzi za suruali kilichoshikana na vumbi jeusi, lile la mawe ya volkano tunayoyakanyaga, tunayoyajengea na kuyala bila kujua. Kikatoka kingine. Karani aliviweka kwenye kiganja akavitazama kama mtu aliyeng'olewa jino.

"Papa, ulikuwa unatembea na Nyiragongo mu mufuko," Metresi akasema, na chaja ya kwanza kabisa ikaingia mpaka mwisho.

Lakini kisa ambacho Majengo haitakisahau ni cha mama muuza sambaza. Huyu ananunua samaki wake Kituku alfajiri, mitumbwi inapofika, na asubuhi moja aliinama kuchagua, simu ikamtoka kifuani ikaingia ziwani. Aliikamata. Alikuwa amesikia kwamba simu yenye maji inafukiwa ndani ya chakula kikavu, ila hakukumbuka chakula gani. Mchele nyumbani haukuwepo. Unga wa muhogo ulikuwepo. Akaifukia ndani ya unga, na ili mambo yaende upesi akalisogeza beseni karibu na mbabula, lile jiko la makaa. Kilichofika benchini kesho yake kilikuwa kitu cheupe chenye ukoko.

Tulijizuia kucheka, wote, kisha mmoja akashindwa. Ni mimi. Metresi alinitazama kwa lile jicho la darasa la kwanza na nikawa mdogo.

"Ilikaa mu maji muda gani?" akamuuliza yule mama.

"Kidogo tu. Ilizama, nikaishika."

"Kisha uliiwasha?"

"Mara mingi, Metresi. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima."

"Apo njo ulikosea. Unga ni ujinga kidogo tu, itatoka. Lakini simu yenye maji haiamshwe. Uiache ilale."

Mama sambaza aliisugua mwenyewe kwa mswaki mkavu, akatoa laini, akapangusa, akaisimamisha dirishani penye upepo, mbali na jua na mbali na moto. Siku ya tatu alirudi mbio. Kuna msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Metresi akaitazama simu kwa mbali na kusema, "Huyu angali mugeni." Jembe alipewa siku ya tano. Iliwaka, sauti yake nzito kama ya mtu mwenye mafua, na mama sambaza akasema haidhuru, ziwani watu wanapiga kelele, sauti nzito inafaa. Toka siku hiyo alikuwa haachi kupita, na Metresi hakukosa sambaza.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa na mambo yake. Alitufundisha kwamba simu inakuwa nzito kwa sababu ya picha za kutumiana salamu za asubuhi, na akatusimamia tukizifuta moja moja. "Hayo maua ya bonjour hayatakufikisha mbinguni," alisema. Na kila siku saa kumi na moja alfajiri, maua ya kwanza kwenye kundi la shirika, yenye sala na njiwa anayeruka, yalitoka kwenye simu ya nani? Karani wa Bukavu siku moja alimgusia kwa adabu nyingi sana. Akajibiwa, "Mimi kazi yangu ni kutuma. Kufuta ni kazi yenu."

Alikataza pia kuandika namba ya siri mahali popote. Yake ilikuwa ukutani, juu ya bidoni la maji, kwa chaki, mwandiko mzuri wa ubaoni. Nilipomwambia, alitabasamu: ameiandika kinyume, mwizi hatajua. Alitueleza hivyo watu saba tukiwa benchini. Na yeye ambaye hakugusa simu yako, akisema simu ya mtu ni sanduku lake, hakuona shida kukuuliza mumeo alirudi saa ngapi na kwa nini juzi mlikula bila mboga.

Hakujua kila kitu, na hilo alilisema waziwazi, jambo ambalo mafundi wengi hawaliwezi. Msichana mmoja alileta simu iliyotuna mgongo, na Metresi aliacha hata kufuma. "Bateri imevimba. Usiitie mu moto tena, usiibane, usilale nayo. Iyi si ya benchi yangu, enda kwa fundi leo, si kesho." Msichana alitaka kubisha. Metresi alisimama akamsindikiza mpaka barabarani, sindano zikiwa mkononi, na akabaki pale mpaka akamwona anapanda moto.

Sasa mama yangu.

Jumapili baada ya misa tulikuwa tunampigia kwa video, watoto wakigombania kukaa mbele. Jumapili moja hakuitika. Ya pili, vilevile. Katikati ya juma akanipigia kwa simu ndogo ya vifungo ya jirani yake.

"Simu imeingiwa na mwanamuke," akasema.

"Mwanamuke gani, Mama?"

"Nitamujua wapi? Anasema Kifaransa. Nikigusa, anasema. Nikigusa tena, anasema, na hakuna kitu kinafunguka. Nafikiri ni watu banatusikiliza."

Alikuwa ameieleza shida yake kwenye shirika la kwao. Walisali juu ya simu. Katekista aliinyunyizia maji ya baraka, machache, namshukuru Mungu. Mwanamke akaendelea kusema. Siku hizi, kwetu, sauti usiyoijua ndani ya simu yako si jambo la kuchekea, na mama aliogopa kweli. Aliiacha ikaisha moto, akaizungushia kitenge na kuilaza chini kabisa ya sanduku.

Nikafanya nini? Nilichozoea, ila mkono haukufika Butembo. "Iwashe, Mama. Bonyeza pale juu. Hapana, si pale, nimesema pale. Telezesha. Telezesha, Mama." Nilikuwa nabonyeza hewa kwa kidole changu mwenyewe.

"Pale yako mimi siioni," akasema. Alikuwa mtulivu, na hilo lilinitisha. "Mwanangu, acha tu. Tutaonana barabara ikifunguka."

Akakata. Anayeingoja barabara ile anajua sentensi hiyo ina uzito gani. Niliketi jikoni nikalia, maana nilijua amechoka na mimi kuliko na simu.

Nilikimbilia kwa Metresi, nikitegemea atachukua namba na kumpigia. Mama sambaza alikuwa benchini, amekuja kwa sababu simu yake haiiti tena, wateja wanapiga yeye hasikii. Nilieleza yote. Metresi alifuma mstari mzima kabla ya kusema.

"Ule mwanamuke anasema nini?"

"Sijui. Kifaransa."

"Ulimuuliza mama yako?"

"Hapana."

"Ulisema naye muda gani?"

"Dakika kumi hivi."

"Dakika kumi, na swali ya maana haukumuuliza hata moja."

Alitumbukiza mkono kwenye kikapu akatoa kitita cha uzi, ule mzingo mkubwa unaotoka nao sokoni, ambao lazima uviringishwe kuwa donge kabla ya kufumwa. "Inua mikono." Nikainua, nikifikiri namsaidia. Akauvalisha uzi kwenye mikono yangu yote miwili, akashika ncha na kuanza kuviringisha. "Sasa umufundishe mama sambaza simu yake iite. Uzi ikianguka tunaanza upya."

Nilishindwa mara mbili. Mara ya kwanza mkono ulikwenda wenyewe. Mara ya pili nilielekeza kwa kidevu: "Bonyeza hapo." Metresi akavuta uzi. "Hapo si neno. Mu Butembo hapo haiko." Ikabidi nitafute maneno niliyokuwa sijawahi kuyahitaji: juu kabisa, upande wa mkono unaolia chakula, chini ya picha ya kijani. Ikabidi niulize, "Unaona nini?" na kunyamaza mpaka nijibiwe. Kunyamaza ndiko kulikoniua. Mama sambaza alichukua muda wake, akasoma kioo chote, na mwishowe akasema, "Kuna kamwezi kadogo apa juu. Zamani hakakuwa." Kumbe simu ilikuwa imewekwa isisumbue mtu. Aligusa kamwezi kwa kidole chake, nikampigia kutoka simu yangu iliyokuwa kwenye benchi, kwa ncha ya kidole kimoja kilichotokeza nje ya uzi, na ikaita. Mama sambaza alicheka akampiga Metresi begani.

Kesho yake, jirani wa mama yangu alipokuwa ametoka shambani na, kama nilivyomwomba, amekwisha kuitoa ile simu sandukuni na kuichaji kwenye sahani yake ya umeme wa jua, nilikaa benchini tena. Simu yangu kando yangu, sauti imefunguliwa. Mikononi kitita kipya, cha rangi ya manjano. Metresi mbele yangu anaviringisha.

"Mama, sikupigii kukuambia ubonyeze," nikasema. "Nataka kujua huyu mwanamke anasema nini."

"Unataka kumusikia?" akauliza.

"Nataka uniambie wewe."

Alikuwa na simu ya jirani sikioni, na ile nyingine magotini. Nilimwomba aguse kona ya chini, upande wa kulia, mara moja tu, na anirudishie neno atakalolisikia, hata kama halielewi.

"Amesema... aparei foto."

Ni kamera, nilitaka kupiga kelele nimalize. Uzi ulikuwa umekazana kwenye viganja. Nikauliza, "Na pale ulipogusa, unaona picha ya nini?"

Ikapita dakika nzima, nafikiri. Jogoo aliwika kule Butembo.

"Naona picha ya aparei," mama akasema. "Ngoja." Nikasikia akigusa. Akagusa tena. "Apa kuna saa. Amesema saa. Apa amesema bateri." Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu vita. "Kumbe anasoma. Mwanangu, huyu mutu anasoma. Kila kitu nagusa, anasoma kama mutoto wa darasa ya kwanza."

Uzi ulisimama. Metresi aliinamisha uso kwenye donge lake.

Nikamweleza mama kwamba sauti ile imewekwa kwenye simu kwa ajili ya watu wasioona, iwasomee. "Basi alikosea nyumba," akasema, "mimi naona." Nikamuuliza ubavuni mwa simu kuna vifungo gani. Akavipapasa: kirefu kimoja, kinaongeza sauti upande wa juu na kuipunguza upande wa chini, na kingine kifupi. Nikamwambia kile kirefu akibane huku na huku kwa vidole viwili pamoja, ahesabu polepole mpaka tano. Alihesabu kwa sauti, jirani akihesabu naye. Mwanamke akasema neno moja la mwisho, akanyamaza. Mama akagusa, na simu ikafunguka kama zamani.

"Lakini aliingiaje?" nikauliza, na nakiri nilikuwa nimejifunza kuuliza siku moja tu iliyopita.

"Sasa naelewa," akasema mama. "Naifungaga mu fundo ya kitenge, kiunoni, na nguvu, isianguke. Ile fundo njo ilibana kile kifungo kirefu huku na huku." Alilipata mwenyewe. Mimi nisingelipata kamwe.

Nililia, mikono juu. Metresi akasema, "Inua kidogo, uzi inashuka."

Jumapili iliyofuata tuliona paji la uso la mama na dari. Zamani ningesema inua simu, Mama, mpaka achukie. Nikauliza anaona nini kwenye kadirisha kadogo ka pembeni. "Naona paji yangu," akajibu, akaishusha mwenyewe, na watoto wakamwona tate yao, bibi yao, mzima, mpaka kilemba. Jumapili nyingi zikafuata. Nilimsimulia benchi, wagonjwa, unga wa muhogo, karani na soksi zake. Alipenda sana habari za wagonjwa, akataka nizirudie.

Metresi alihama Majengo bila kuaga vizuri, ndivyo alivyokuwa. Binti yake alimchukua kwake, upande wa pili wa mji. Kazi zangu, watoto, uvivu pia, nikakaa miezi mingi bila kwenda. Nilipokwenda nilimkuta ameketi nje juani, na kwanza sikujua ni nini kimebadilika, kisha nikaona. Mikono ilikuwa mitupu. Imelazwa mapajani, viungo vya vidole vimevimba, kikapu cha uzi kiko miguuni pake hakijaguswa.

Niliumia moyoni, na uso wangu haujui kuficha.

"Usiniangalie ivyo," akasema. "Vidole zimekataa. Darasa ya kwanza sikuifundisha na vidole." Akasukuma kikapu kwa mguu. "Unajua kufuma?"

"Hapana, Metresi."

"Chukua sindano. Mukono yako, sindano yako."

Nikachukua. Alinielekeza kwa mdomo, bila kunigusa, na neno "hapo" hakulisema hata mara moja. Sindano ya kulia ipite chini ya uzi, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungusha. Vuta. Unaona nini? Naona kitanzi. Kiko wapi? Kwenye sindano ya kulia. Vizuri, kingine. Nilitokwa na jasho kama mwanafunzi wa mtihani. Vitanzi kumi na viwili vilinichukua muda ambao yeye angemaliza mkono mzima wa sweta.

"Na mama yako?" akauliza.

Nikasema tumpigie, wasalimiane basi, hawajawahi. Nikagusa simu kwa kidole kimoja, sindano zimebanwa, nikafungua sauti. Iliita mara nyingi. Mama alipoitika alikuwa na haraka.

"Mwanangu, ungoje, niko na mugonjwa."

Nyuma yake tukasikia sauti ya mwanaume mzee, ya kulalamika kidogo: "Mama, uishike basi wewe, uitengeneze."

"Hapana, muzee," mama yangu akasema. "Mukono yako, simu yako. Uniambie kwanza, unaona nini?" Halafu akanyamaza, akamngoja. Tulisikia jinsi alivyongoja. Kisha kwangu, haraka: "Nitakupigia jioni." Akakata.

Mikono ya Metresi ilikuwa imeinuka kidogo kutoka mapajani, vile alivyokuwa akiinua sindano zake, na ilibaki hivyo hewani muda kidogo kabla hajairudisha. Ilikuwa mara ya pili mama yangu ananikatia simu. Nilikuwa nalia kwa furaha, machozi yananidondokea kwenye uzi, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi.

"Endelea," Metresi akasema. "Umefika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi geuza. Sasa tunaanza mustari wa pili."